Kugawanya desimali Nakivale: kanuni ipo, maana iko wapi?

Andika ubaoni 1,250 ÷ 5 katika darasa la Nakivale, na unaweza kupata majibu mawili ambayo yote yana hoja. Mtoto aliyesoma hapa wilayani Isingiro, Uganda, tangu darasa la kwanza (P1) atasema 250, kwa sababu kwake ule mkato unatenga maelfu. Mtoto aliyeanza shule Bukavu au Bujumbura anaweza kuandika 0,25, kwa sababu huko alikotoka mkato ndio unaotenga namba nzima na desimali. Alichosoma yeye ni moja na robo. Hakuna aliyekosea kugawanya. Wamegawanya namba mbili tofauti zilizoandikwa kwa alama zilezile, na majibu yao yanapishana mara elfu moja.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, takriban kilomita 60 kutoka jiji la Mbarara, yamekuwa yakipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia Wanyarwanda waliokimbia machafuko kwao. Leo yanahifadhi zaidi ya watu 150,000. Wakongo ndio wengi, na pamoja nao wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Watoto wao huketi darasa moja na watoto wa wenyeji Wanyankole, hufuata mtaala wa Uganda, na mwisho wa yote husubiriwa na mtihani mmoja wa kumaliza shule ya msingi, PLE.

Kugawanya desimali huwasumbua watoto wa kila nchi. Ila Nakivale mada hii inafichua jambo ambalo darasa la wanafunzi wa asili moja linaweza kulificha kwa miaka: kanuni ya "sogeza nukta" ni mali ya darasa ilikofundishwa. Mtoto akihama nchi, lugha na mwandiko, kanuni isiyo na maana nyuma yake humponyoka. Kinachovuka mpaka pamoja naye ni uelewa wa kiasi, yaani kujua ni nini kinaulizwa namba moja inapogawanywa kwa nyingine. Huo ndio unaopaswa kutangulia, na katika shule nyingi ndio unaoachwa nyuma.

Mwandiko wa nchi mbili

Tuanze na kilicho wazi kwa macho. Mtoto wa Uganda huandika 7.2 ÷ 0.6. Mwenzake wa Kongo amezoea 7,2 : 0,6. Wakianza kukokotoa, daftari zao hazifanani hata kidogo. Aliyesoma Uganda huweka namba inayogawanya kushoto, namba inayogawanywa kulia chini ya mstari, na jibu hulipandisha juu ya mstari huo. Aliyesoma kwa mfumo wa Kifaransa huweka namba inayogawanywa kushoto, huchora mstari wa wima, namba inayogawanya huikalisha kulia, na jibu huliandika chini yake. Mara nyingi hufanya utoaji kichwani na kuandika baki tu. Mwalimu asiyeijua njia hii anaweza kuweka alama ya kosa kwenye kazi ambayo iko sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tofauti hizi ni makubaliano ya watu, na historia yake ni ndefu. Mwanahisabati Al-Uqlidisi aliandika juu ya sehemu za kumi mjini Damascus katikati ya karne ya 10. Al-Kashi alizipanga kwa ukamilifu huko Samarkand katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1427. Simon Stevin alizieneza Ulaya mwaka 1585, kwa alama ambazo leo hakuna anayezitumia. Nukta na mkato vilienea baadaye, na havijawahi kukubaliana. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ambao ndio unaosimamia mita na kilogramu za dunia nzima, uliamua kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, na kwamba namba ndefu zitenganishwe kwa nafasi tupu, bila nukta wala mkato. Kwa uamuzi huo, mtoto wa Bukavu na mtoto wa Isingiro wote wana haki. Anachohitaji mgeni ni kuambiwa waziwazi, siku ya kwanza, kwamba mtihani atakaoufanya unatumia nukta, na kwamba alichojua jana hakijafutwa.

Kwa nini nukta husogea

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Kanuni inayofundishwa karibu kila mahali ni hii: ukitaka kugawanya kwa desimali, sogeza nukta ya namba inayogawanya hadi iwe namba nzima, kisha sogeza nukta ya ile nyingine hatua zilezile, ndipo ugawanye. Kwa 7.2 ÷ 0.6 tunapata 72 ÷ 6, na jibu ni 12.

Kanuni ni sahihi. Tatizo ni kwamba imefundishwa kama mwendo wa mkono, hivyo mtoto hana namna ya kujua lini amekosea. Wengine husogeza nukta upande mmoja tu. Wengine husogeza zote mbili, kisha wakifika kwenye jibu wanairudisha nukta nyuma, kwa sababu wamekumbuka kwamba katika kuzidisha desimali nukta hurudishwa. Mbele ya mtoto kama huyo, 12, 1.2 na 0.12 yanafanana, yote yana moja na mbili.

Ukweli ni kwamba nukta haiendi popote. Kinachofanyika ni kuzidisha namba zote mbili kwa kumi. Na ukizidisha zote mbili kwa kiasi kilekile, uwiano wao haubadiliki. Chukua chupa za lita 0.6 na ndoo yenye lita 7.2 za maji. Ukibadilisha vipimo viwe desilita, chupa ni desilita 6 na ndoo ni desilita 72. Maji hayakuongezeka, chupa hazikukua, na idadi ya chupa zitakazojaa ni ileile, 12. Mtoto aliyeona jambo hili hawezi kusogeza nukta upande mmoja, maana atajua kwamba amebadilisha maji bila kubadilisha chupa. Wala hatairudisha nukta kwenye jibu, maana jibu ni idadi ya chupa, na idadi haikuwahi kugeuzwa kuwa desilita.

Njia nyingine ni ya sehemu. 7.2 ni sehemu za kumi 72, na 0.6 ni sehemu za kumi 6. Tukiuliza sita ngapi zimo katika sabini na mbili, tumeshaondoka kwenye desimali kabisa. Njia hii ina faida kubwa Nakivale: haitegemei nukta wala mkato, wala upande ambao namba imekalishwa.

Alama moja, maswali mawili

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Alama ya kugawanya hubeba maswali mawili tofauti, na mtoto hufika shuleni akiwa na moja tu.

La kwanza ni kugawana: maandazi 12, watoto 4, kila mmoja anapata mangapi? Swali hili kila mtoto analijua kabla hajashika kalamu. Kwa namba nzima linatosha. Lakini 7.2 ÷ 0.6 haliwezi kusomwa hivyo, kwa sababu hakuna watu 0.6 wa kugawiwa. Mtoto mwenye picha hiyo peke yake hukwama, na kukwama kwake ni kwa akili timamu.

La pili ni kupima: hiki kimo mara ngapi ndani ya kile? Eneo la Mbarara ni nchi ya ng'ombe wa Ankole na maziwa, kwa hiyo mfano uko mlangoni. Mchuuzi ana lita 18.5 za maziwa na chupa za nusu lita. Chupa ngapi zitajaa? 18.5 ÷ 0.5 = 37. Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno desimali atakujibu akifikiri kwa nusu: kila lita inatoa chupa mbili, lita 18 ni chupa 36, na ile nusu iliyobaki ni moja. Maarifa yapo. Shule haijayaunganisha na alama iliyo ubaoni.

Swali la kupima pia ndilo linaloondoa mshangao mkubwa wa mada hii, yaani jibu kuwa kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo. Mwaka 1985 Efraim Fischbein na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa Italia, wakaonyesha kwamba picha za mwanzo tulizopata kwa namba nzima huendelea kututawala: kuzidisha huongeza, kugawanya hupunguza. Mwanafunzi akikutana na swali ambalo jibu lake linapaswa kukua, huchagua kuzidisha hata pale ambapo swali linadai kugawanya. Kwa mchuuzi wa maziwa hakuna fumbo lolote. Kipimo kikiwa kidogo kuliko lita, idadi lazima izidi idadi ya lita.

Je, lile swali la kugawana tulitupe? Hapana, hugeuka sura. Likifika kwenye desimali linakuwa swali la thamani ya kimoja. Kilo 0.6 ya maharagwe imeuzwa shilingi 3,000. Kilo nzima ni bei gani? 3,000 ÷ 0.6 = 5,000. Hapa hatuhesabu vipimo. Tunatafuta kizima kutokana na kipande.

Wakazi wa Nakivale wanaifahamu hesabu hii kwa njia chungu. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Februari 2021 likapunguza tena, mgao ukabaki asilimia 60 ya kiwango kamili. Tuseme familia ilipokea kilo 8.4 za nafaka kwa kila mtu baada ya punguzo la kwanza. Mgao kamili ulikuwa ngapi? 8.4 ÷ 0.7 = 12. Baada ya punguzo la pili wakapokea kilo 7.2. Mgao kamili? 7.2 ÷ 0.6 = 12. Majibu mawili yamekutana kwa sababu kizima ni kilekile. Sioni sababu ya kuwatafutia watoto hawa mifano ya mbali wakati jambo lililogusa sahani yao linaeleza maana ya kugawanya kwa desimali kuliko ukurasa mzima wa mazoezi. Tena linawapa uwezo wa raia: kuitazama takwimu inayowahusu na kuikagua wenyewe.

Baki inayodanganya

Lipo kosa moja ambalo kanuni peke yake haiwezi kulizuia, na ambalo hupita bila kuonekana hata kwa walimu. Una lita 2 za maziwa na chupa za lita 0.3. Chupa ngapi zitajaa, na kitabaki kiasi gani? Mtoto anasogeza nukta: 20 ÷ 3 = 6, baki 2. Anaandika chupa 6, baki lita 2. Tazama alichosema: amejaza chupa sita na bado ana maziwa yote aliyoanza nayo.

Chupa 6 ni sahihi, kwa sababu idadi haikuguswa tulipozidisha kwa kumi. Baki ndiyo iliyokuzwa, kwa kuwa ile 2 ni desilita. Kilichobaki kwenye chombo ni lita 0.2. Na kama tunataka jibu la desimali, lita 0.2 ni theluthi mbili za chupa ya 0.3, kwa hiyo jibu ni 6.666, na sita hizo haziishi. Swali hili moja, likifanywa kwa maji na chupa halisi, humwonyesha mwalimu nani ameelewa na nani amekariri.

Hilo linaleta suala la mahali pa kukoma. Nusu, robo na thumuni za sokoni hukoma vizuri: 0.5, 0.25, 0.125. Theluthi haikomi. Sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho hukoma tu ikiwa namba yake ya chini imejengwa kwa 2 na 5 pekee, kwa sababu kumi yenyewe imejengwa kwa hizo. Darasani tunaambiwa tukadirie hadi nafasi mbili. Maishani kinachoamua ni kitu chenyewe. Watu watatu wakigawana shilingi 10,000, kikokotoo kinasema 3,333.33, lakini Uganda senti hazitumiki na sarafu ndogo inayopita mikononi ni ya shilingi 50 au 100. Watagawana 3,300 kila mmoja, na 100 iliyobaki watakubaliana ni ya nani. Chupa za maziwa hukadiriwa kwenda chini, maana chupa isiyojaa haiuzwi. Mitungi ya kuteka maji hukadiriwa kwenda juu, maana maji ya ziada yanahitaji mtungi. Jibu moja la hesabu linaweza kudai maamuzi tofauti, na maamuzi hayo ni sehemu ya hisabati.

Uzito wa nukta mjini Mbarara

Mbarara ina viwanda vya maziwa, hospitali ya rufaa ya mkoa na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Katika kila moja ya sehemu hizo, hesabu tunayoizungumzia ni kazi ya kila siku.

Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji. Lita moja ina takriban kilo 1.03. Yakipimwa kwa mizani na kulipwa kwa lita, lazima mtu agawanye: kilo 51.5 ÷ 1.03 = lita 50. Mfugaji akihesabu kilo kama lita atadhani amepunjwa lita moja na nusu, na mnunuzi asiye mwaminifu naye anaweza kumpunja kwa hesabu asiyoweza kuifuatilia.

Hospitalini ni zaidi. Dawa ikiwa na miligramu 0.5 katika kila mililita, na dozi inayotakiwa ni miligramu 0.2, muuguzi anavuta mililita 0.4. Nukta ikipotea inakuwa 4, mara kumi ya dozi. Ndiyo maana wanaosimamia usalama wa dawa wanasisitiza kuandika 0.5 na kamwe si .5, na kuandika 5 na kamwe si 5.0, ili nukta isiyoonekana vizuri isimdhuru mgonjwa. Muuguzi anayejua kwamba kiasi anachotaka ni kidogo kuliko kilichomo katika mililita moja atasimama akiona sindano inasema 4. Aliyekariri hana cha kumsimamisha.

Lugha, msongamano na mtihani

Ni haki kusikiliza upande wa pili. Walimu wengi watasema kwamba maelezo haya ni mazuri kwa darasa la watoto thelathini. Shule za makazi ya wakimbizi zinajulikana kwa msongamano, na PLE haisubiri. Karatasi ya hisabati ina maswali 20 mafupi ya alama 40 na maswali 12 marefu ya alama 60, na mtoto hukokotoa kwa mkono. Kanuni hufundishika upesi, hupimika upesi, na humpa mtoto alama.

Hoja hii ina nguvu, ila inasahau gharama. Kanuni isiyo na sababu hufundishwa P5, ikarudiwa P6, ikarudiwa tena P7, kwa kuwa kila likizo inaifuta. Na maswali marefu ya mtihani hayamwambii mtoto agawanye. Yanamweleza habari, naye achague. Asiyejua kugawanya kunauliza nini hawezi kuchagua. Msongamano ni sababu ya kufundisha maana mapema, kwa kuwa hakuna muda wa kufundisha jambo lilelile mara tatu.

Lugha nayo imo. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, P4 iwe daraja, na kuanzia P5 Kiingereza kitawale. Nakivale lugha ya eneo ni Kinyankole, na watoto wengi wanatoka nyumba za Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali. Anayetoka nchi za Kifaransa mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya Kiingereza, hata kama hesabu anaiweza. Kijana mkubwa anaketi na wadogo akifundishwa upya kugawanya ambako alishakumaliza, tena kwa mwandiko mwingine. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Hata mtihani ukiendelea kuwa wa Kiingereza, maelezo ya mdomo hayalazimiki kuwa ya Kiingereza. Swali "hiki kimo mara ngapi ndani ya kile?" Kiswahili kinaliuliza kwa urahisi, na Wakongo, Warundi wengi na Waganda wengi watalisikia.

Nini kifanyike

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri fedha za mfadhili. Kwanza, bango moja darasani lionyeshe miandiko miwili bega kwa bega, 7.2 ÷ 0.6 na 7,2 : 0,6, pamoja na mipangilio yote miwili, na mwalimu aikubali njia ya mgeni alimradi jibu la mwisho liandikwe kwa nukta. Pili, kila swali litanguliwe na makadirio. Kabla ya kugawanya 7.2 kwa 0.6, mtoto aseme: kipimo ni pungufu ya moja, kwa hiyo jibu litazidi 7.2, ni kikubwa kuliko nusu, kwa hiyo halitafika 14.4. Anayejua kwamba jibu liko kati ya hizo mbili hatakubali 1.2 wala 120. Tatu, maji, chupa na mizani viingie darasani kabla ya kanuni, na maswali ya baki yapewe nafasi yake. Nne, mtoto mgeni apimwe hesabu kwa lugha anayoijua kabla ya kupangiwa darasa.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi, na mwalimu yeyote wa Nakivale au Mbarara anaweza kukijaribu kesho asubuhi. Waambie wanafunzi watunge habari fupi ambayo jibu lake ni 6 ÷ 0.5. Watakaoandika juu ya kuwagawia watu wawili vitu sita wamesikia "nusu" wakagawanya kwa mbili, na hao wanahitaji kurudi kwenye chupa na maji hata kama madaftari yao yamejaa alama za vema. Watakaoandika juu ya lita sita na chupa za nusu lita, au juu ya kitu ambacho nusu yake ni sita, wameshika mada, na hao unaweza kuwapa nukta, mkato au mwandiko wa nchi yoyote ile. Watoto wa Nakivale hawajui mwaka ujao watakuwa nchi gani. Tuna wajibu wa kuwapa hisabati ambayo haitawalazimu kuanza upya.